Tominoka Alikuwa wa Ukoo Gani

Siku tulipomzika mdogo wangu walituletea chai na mkate, nami nikalimenya ganda la mkate nikaliweka juu ya jiwe kando ya mkeka. Sikukusudia. Mkono ulifanya wenyewe, kama unavyopepeta unga huku mdomo unazungumza habari za jirani. Hakuna aliyeniuliza. Ukifika umri wangu unaweza kufanya lolote, watu watasema ni uzee na kupita.

Waliloniuliza lilikuwa lingine. Kijana aliyekuwa anatengeneza msalaba alikuja na kipande chake cha mkaa, akachuchumaa mbele yangu, akaniamkia, akasema mkono unasita kuliandika jina la marehemu kabla hajajua ni jina gani. Nyuma yake alisimama Kabula, mjukuu wa marehemu, na mtoto mchanga mgongoni. Kabula alitaka kumpa mwanawe jina la babu yake, lakini wakwe zake walikuwa wamekataa. Walisema jina hilo halina ukoo. Si la Kisukuma, si la Kisumbwa, si la msikitini wala la kanisani, na jina usilojua lilikotoka huwezi kumtwika mtoto. Mkwe mwenyewe alikuwa amekaa mkeka wa pili, ananitazama. Wote walinitazama, maana walioijua habari hiyo wamekwisha wote, nimebaki mimi.

Niliwaambia waniache ninywe chai kwanza. Sikuwa nimelia tangu alfajiri. Wanawake walinisifu kwamba nina subira, na mimi nikawaacha wanisifu, lakini haikuwa subira. Ilikuwa ganzi, nami na ganzi tunafahamiana tangu zamani. Ninyi mliokuwa watoto wakati ule mtanielewa. Tulifundishwa kunyamaza kabla hatujafundishwa kusema.

Mdogo wangu aliitwa Tominoka. Kwetu ni upande wa Kharumwa, na mbung'o walipotumalizia ng'ombe, Baba alijitwika kirago akaenda machimboni, huko upande wa Nyarugusu, ambako Wazungu walikuwa wanatoboa milima kutafuta dhahabu. Hakuwa mtu wa mashimo. Alikuwa mtu wa ng'ombe, mrefu, mwenye kunusa hewa kabla ya kujibu. Alipokuja nyumbani mara ya kwanza alinuka vitu viwili nisivyovijua: baruti, na ile dawa ya taa zao, kabaidi, ambayo harufu yake ni kama vitunguu vilivyooza. Nilikataa kukaa naye karibu. Akacheka, akaenda kuoga, akarudi ananuka vilevile.

Mara ya pili hakucheka. Alikuja mchana, akakaa kwenye kigoda nje ya nyumba, akatuambia jambo lililompata kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Alikuwa ndani ya mwamba na wenzake. Akasikia kitu kinagonga ndani ya jiwe, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala hapajachimbwa. Ko, ko, ko. Akawaambia wenzake watoke. Walipofika nje, dari likashuka nyuma yao, na vumbi likawafuata mpaka penye jua. Mzungu mzee aliyewasimamia, ambaye wachimbaji walimwita Kifua kwa sababu ya kukohoa kwake, alimuuliza Baba alisikia nini. Baba akaokota jiwe, akagonga. Yule mzee akavua kofia yake akasema neno moja: Tominoka.

Wachimbaji hawakuhitaji mkalimani. Walikwisha kumwona Kifua, kila anapokula chakula cha mchana, anabakiza ganda la mkate na kuliweka kwenye mwamba, mahali palepale, wala hamruhusu mtu kuligusa. Walikwisha kumsikia akimkemea kila anayepiga mluzi ndani ya shimo. Mtu anayemwekea chakula asiyeonekana, na kuheshimu anapolala, kwetu huulizi anafanya nini. Anatambika. Walisema kumbe hata Mzungu ana masamva wake, mizimu ya kwao, na mmojawapo amemfuata mpaka huku, na jina lake ni hilo. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya shimo lile: atakayesikia kugongwa ndani ya mwamba apige kelele Tominoka, na wote watoke mbio bila kuulizana.

Mama alikuwa mjamzito. Baba akasema mtoto akiwa wa kiume ataitwa jina la aliyemwokoa. Hakuona tatizo, na kwa kweli halikuwapo. Kwetu mtoto hupewa jina la mzee aliyeutendea ukoo jambo, na huyu alikuwa ametenda. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyeliona tatizo mara moja. Aliuliza Tominoka ni mtoto wa nani. Baba akasema hajui. Akauliza amezikwa wapi. Hilo nalo hajui. Bibi akasema basi umeleta ufunguo bila nyumba, akarudi kwenye mihogo yake.

Mtoto akazaliwa wa kiume, akaitwa hivyo hivyo, akaanza kulia. Watoto wote hulia, lakini huyu alilia akiwa ananyonya, akaacha kunyonya ili alie. Kati yangu na yeye kulikuwa na makaburi mawili madogo nyuma ya ua wa minyaa, na Mama alikuwa amejifunza kutowatazama watoto wachanga usoni. Alimbeba, alimwosha, alimpa titi, huku macho yake yako kwenye ukuta. Mtoto akakonda, utosi ukabonyea. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilidhani analia Kizungu. Nilidhani anasema anachotaka, wazi kabisa, ila nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumwelewa. Nilimchunguza kama anaanza kuwa mweupe. Nililaza sikio langu kwenye jiwe la kusagia nimsikilize yule wa ndani, nikasikia tumbo likinguruma, la Mama aliyekuwa amepiga magoti upande wa pili. Kisha nikagundua kwamba nikigonga jiwe kwa kokoto, polepole, mtoto hunyamaza kidogo na kugeuza kichwa. Nikawa nafanya hivyo kila siku. Bibi aliniona, hakunikataza.

Baba alipokuja tena, Bibi alikuwa amekwisha kwenda kwa mfumu, mganga wetu wa ramli. Mfumu alimtemesha Mama mate kwenye mdomo wa kifaranga, akakipasua, akasoma ndani yake. Alisema pale nyumbani kuna mtu amesimama mlangoni, amegonga, na hakuna aliyemwambia karibu, kwa sababu hakuna anayemjua. Naomba mkumbuke kwamba kwetu mtu hagongi. Mlango wetu ulikuwa wa mabua, ungeugonga ungekuangukia. Mgeni husimama mbali, hukohoa, huita hodi. Anayegonga ni yule asiye na mdomo wa kuitia. Mfumu akasema nendeni kwa wenye jina, mkaulize ukoo wake, anakula nini, alikufaje, ndipo mje mumkaribishe kwa maneno yanayostahili. La sivyo mtoto hamtakuwa naye.

Ndiyo maana tulikwenda, Baba mbele na fimbo, Mama na mtoto mgongoni, mimi na kibuyu cha maziwa na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Tulilala njiani kwa watu, tukala kwa watu. Sikumbuki kuchoka. Nakumbuka kwamba kila tulipopumzika Baba alimfunua mtoto, akamtazama, akamfunika tena.

Penye machimbo palikuwa na duka la Mzee Feruzi, Mwislamu mmoja mwenye kanzu na kikoi, ambaye baba yake alitoka pwani na mama yake alikuwa Mmanyema, na ambaye bidhaa zake zilishuka kwenye gari moshi Isaka kabla ya kuja kwa miguu ya watu. Alikuwa akizungumza Kiswahili, Kisukuma, na Kizungu cha kutosha kugombana. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake, na ndiyo maana mpaka leo nikikasirika naapa kwa Mungu kama mwenye duka. Baba alimweleza shida yake. Mzee Feruzi hakucheka. Alisema yeye ni Mwislamu na mambo ya mizimu hayamhusu, ila mtoto ni mtoto. Akavaa kofia yake, akatupeleka.

Kifua alikuwa amekaa kwenye sanduku mbele ya nyumba yake ya bati. Nilitegemea mtu wa kutisha, nikakuta mzee mwenye masikio makubwa na vidole vilivyopinda, anapumua kama mlango mbovu. Baba alisimama mbele yake kama mtu aliyekuja kuposa. Akauliza, na Mzee Feruzi akageuza: Tominoka ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, kaburi lake liko wapi. Tumempa mtoto jina lake naye hataki kukaa.

Mzungu alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Nilidhani atakasirika kwamba tumechukua mzimu wake bila ruhusa. Kisha akaanza kuzungumza, akikohoa katikati, na Mzee Feruzi akatuletea kipande kimoja kimoja.

Alisema kwao si katikati ya Uingereza. Ni pembeni kabisa, magharibi, mahali nchi inapoishia kwa mawe na bahari, na watu wa huko kazi yao tangu mababu ni kuchimba bati, mpaka mashimo yao yakapita chini ya bahari yenyewe. Babu zake walisikia kugongwa ndani ya miamba. Wengine walisema ni vijitu vidogo, wengine walisema ni roho za wachimbaji wa kale. Waliwaita noka, yaani wagongaji, wakawaachia ganda la mkate ili wasikasirike. Jina lilikuwa hilo tu, noka, kipande kimoja. Kisha bei ya bati ikaanguka, njaa ikaingia, na baba yake pamoja na vijana wengine wakavuka bahari kwenda Amerika kuchimba milima ya watu wengine. Walikwenda na wagongaji wao. Huko ndiko, alivyosikia yeye, wakaunganishiwa kipande cha mbele, Tomi.

Baba akauliza upesi, Tomi ndiye nani. Nilimwona amepata matumaini, kwa sababu hapo sasa palikuwa na jina la mtu.

Kifua akafikiri. Mzee Feruzi alimsikiliza, akamrudisha aseme tena, kisha akatugeukia na uso wa mtu anayeuza kitu kibovu. Alisema kwao Tomi ni jina walilonalo wengi mno, hata mtu asiyejulikana jina lake unaweza kumwita hivyo. Hakumjua Tomi wa kwanza. Hakuna anayemjua. Ni mchimbaji yeyote aliyebaki ndani ya mwamba na hakutolewa.

"Basi hana kaburi," Baba akasema.

"Hana," Mzee Feruzi akajibu bila kumuuliza Mzungu.

Lakini Kifua alikuwa bado ana neno. Alisema baba yake mwenyewe yumo, ndani ya mlima mmoja huko Amerika, na kwamba akisikia kugongwa, hata hapa, husema labda ni yeye, ingawa anajua si yeye. Akasema jambo jingine, akainua kidole, akataka ligeuzwe vizuri. Mzee Feruzi akaligeuza vizuri.

"Anasema watu wa shimo lako wanakimbia vibaya. Kwao, ukisikia, kwanza unauliza nani hayupo. Kama yuko asiyekuwapo, hukimbii. Unagonga na wewe, ajue umesikia. Wote wakiwapo ndipo unatoka."

Baba alirudia maneno yale kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayekariri njia. Nani hayupo. Gonga na wewe. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akatoka na mkate, akavunja ganda na kumpa Mama. Mama akalilowesha kwa maziwa ya kibuyu akamtia mtoto mdomoni. Mtoto akalifyonza, akanyamaza. Hata Mama alimtazama usoni, mara moja, kisha akarudisha macho yake mahali pake.

Njia nzima ya kurudi Baba aligonga mawe kwa fimbo yake. Anagonga, anasimama, anasikiliza, anacheka peke yake. Nilimwona mjinga kidogo, kwa mapenzi.

Bibi alipopewa habari hakufurahi. Alisema huyo si mzee wa mtu, huyo ni yeyote, na yeyote hatambikiwi. Utammiminia nani maji ya unga? Utamwita nani? Akasema jina lile ni tupu, nalo litabaki kudai mwenyewe mpaka limpate. Kwa hiyo litolewe, mtoto apewe jina la babu yake, basi. Lakini anayemvua mtoto jina ni yuleyule aliyempa, na shughuli yenyewe inahitaji mbuzi na pombe ya mtama, nayo mtama ulikuwa bado shambani. Wakakubaliana Baba arudi machimboni, avumilie mpaka mavuno, ndipo aje alivue. Ganda la mkate lilikuwa limekwisha na mtoto alikuwa ameanza kulia tena. Baba aliondoka asubuhi. Alinishika kichwa, akaniambia niendelee kumgongea mtoto.

Hatukuona mavuno pamoja naye. Aliyekuja ni Mzee Feruzi, mwenyewe, kwa miguu, na kanzu yake ina vumbi mpaka kiunoni. Mama alikuwa amepiga magoti anasaga. Nilimkaribisha mimi. Bibi alitoka, wakasalimiana kwa kirefu, kama inavyopasa, na kadiri salamu zilivyozidi kurefuka ndivyo tulivyozidi kujua.

Alisema Kifua hakuwapo tena. Kifua chake kilimshinda, wakambeba kumpeleka kwenye reli, na akaja kijana mwingine asiyejua lolote la mkate. Lakini wachimbaji walikuwa wameshika jina na sheria yake. Siku ile ya ajali dari liliporomoka, wakatoka mbio, kila mtu na njia yake. Na baada ya kuporomoka, alisema Mzee Feruzi, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, Tominoka mwenyewe akaanza kugonga. Waliokuwa wanarudi kutazama wakamsikia, wakapiga kelele jina lake, wakakimbia tena. Aligonga mchana kutwa. Hakuna aliyethubutu kusogea. Jua lilipoelekea kuzama ndipo walipokaa pamoja kula wakaona Baba hayupo. Asubuhi walikwenda kuchimba. Kulikuwa kimya. Walichimba mpaka mwamba ukataka kuwaua na wao, wakaacha.

Alilisimulia hilo la kugonga kama heshima. Mzimu wa Wazungu umemlilia mtu wetu kutwa nzima; alifikiri litatufariji, na kweli Bibi alilipokea hivyo. Mama hakuacha kusaga. Nakumbuka sauti ya jiwe juu ya jiwe ikiendelea wakati Mzee Feruzi anazungumza, na baada ya kumaliza, na baada ya kuondoka, mpaka unga ukawa mwingi kuliko haja ya nyumba.

Tulinyolewa nywele. Hapakuwa na mwili, kwa hiyo Bibi alichukua kigoda cha Baba akakizika nyuma ya ua, karibu na yale makaburi madogo, akajenga kibanda cha nyasi kinachonifika gotini. Akachanganya unga na maji. Nilikuwa nimesimama karibu naye, mdogo wangu nimembeba mimi. Bibi aliita jina la Baba, alilopewa siku alipozaliwa. Kisha akamtazama mtoto, akaita tena, safari hii akasema: "Tominoka. Sasa una watu. Karibu nyumbani." Akamimina.

Watu wa kwetu husimulia kwamba mtoto alinyamaza papo hapo. Mimi ndiye niliyembeba. Hakunyamaza. Alilia kama kawaida yake, akaendelea siku nyingi, akapunguza kidogo kidogo kama watoto wanavyopunguza, akaanza kula uji. Lakini Bibi alisema alinyamaza, na baada ya muda hata Mama alisema hivyo, basi ikawa hivyo.

Sasa sikilizeni nilivyoelewa mimi. Bibi alikuwa amesema jina lile ni tupu na linadai mwenyewe. Mzungu alikuwa amesema mwenyewe ni yule anayebaki ndani ya mwamba. Baba akarudi kwenye mwamba, akabaki. Kwa akili yangu hapakuwa na kitu cha kuuliza. Baba alikuwa ametumwa. Alikwenda kulijaza jina ili mtoto apone, na mtu aliyetumwa haliliwi, anasubiriwa tu. Kwa hiyo sikulia. Wanawake walilia, nikawashangaa kwa utulivu, nikawa namgongea mdogo wangu jiwe. Ile ganzi iliingia hivyo, kwa mlango wa heshima kabisa, ikakaa. Nilikua nayo, nikaolewa nayo.

Mdogo wangu alikua akawa mtu mzima mwenye afya, mwembamba, mbishi. Padri aliyembatiza alimwongezea Petro, lakini halikushika. Alifanya kazi ya kupakua mizigo stesheni ya Isaka na hakutia mguu wake kwenye shimo lolote, hata la choo aliwalipa wengine wachimbe. Mwalimu mmoja aliwahi kulitafuta jina lake kwenye kamusi nene ya Kiingereza, akapekua weee, akamwambia neno kama hilo halipo. Alicheka kwa wiki nzima. Na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu: hakuwahi kuita hodi. Aligonga. Akija kwangu aligonga mwimo wa mlango, polepole, kama nilivyomfundisha bila kujua nilipokuwa namtuliza kwa kokoto. Mume wangu alimpachika jina la Polisi.

Siku moja, watoto wangu wakiwa wadogo, nilikuwa nakanda unga, mikono imejaa. Akagonga. Nikawaza, kwa utani tu, maneno ya yule mzee mwenye masikio makubwa: kwanza uliza nani hayupo. Mikono yangu ikasimama ndani ya unga.

Baba hakuwapo. Siku ile nzima aliyekuwa hayupo ni Baba. Alikuwa hai nyuma ya mawe na alikuwa anagonga, kwa sababu alifundishwa na mwenye jina kwamba watu wakisikia watauliza nani hayupo, na watagonga nao. Yeye alilijua neno lote. Wenzake walilijua nusu; iliyobaki, kama aliwaambia, woga uliwasahaulisha. Walimsikia vizuri kabisa, wakamwita kwa jina la kwao Mzungu, wakamkimbia.

Sikulia hata hapo. Nilifungua mlango kwa kiwiko, nikampikia mdogo wangu chapati, akala, akaondoka. Sikumwambia. Sikumwambia Mama, aliyekufa akiamini alichoamini. Nilichofanya ni kimoja tu: tangu siku hiyo hakuwahi kugonga kwangu mara mbili. Niwe jikoni, niwe naoga, niwe nimelala, akigonga mara ya kwanza tu nimeitika. Mwezi huu wa mwisho, alipokuwa hawezi kusema, aligonga ubao wa kitanda kwa kucha akitaka maji, nami nilikuwa hapo kabla kidole hakijatulia. Watoto wake walisema nitajiua kwa kukosa usingizi.

Hayo ndiyo niliyowaambia pale mkekani, kwa maneno machache kuliko haya. Chai ilikuwa imepoa. Mkwe wa Kabula, mzee wa heshima, mtaratibu, aliangalia mikono yake kisha akasema kwa upole kwamba samahani, lakini hilo basi ni jina la msiba.

"Ni jina la baba yangu," nikamwambia. "Uliuliza ukoo, ukoo ni huu uliokaa hapa. Alichokosa ni kaburi. Mkitaka kumpa mtoto, mpeni, ila mpeni neno zima. Akisikia mtu anagonga asikimbie kabla hajauliza nani hayupo."

Mkwe alinyoosha mikono, Kabula akamfungua mtoto mgongoni akampa, na yule mzee akamlaza mapajani mwake, akamsogezea kanga usoni ili jua lisimpige. Kijana wa msalaba aliandika jina kwa mkaa, herufi kubwa, akaniuliza kama ni sawa. Nikasema ni sawa. Akaenda kando ya kaburi kupigilia misumari.

Nyundo ikaanza. Ko, ko, ko, kavu, na mlio wake ukatoka kwenye udongo mpya ukaja mpaka kwenye mkeka. Watu waliendelea kuzungumza. Mimi nilichukua kikombe changu cha bati, nikamwaga chai iliyobaki, nikaanza kugonga lile jiwe. Ganda la mkate likaruka likaanguka chini. Nilikuwa nalia, na kwa mara ya kwanza nilisikia machozi ni ya moto, na sikuacha kugonga.

Kabula akanishika bega. "Bibi, unafanya nini?"

"Namwambia tumesikia," nikasema.